Usiniambie "Hii ni ya Mtihani Tu"

Kama ulisoma bayolojia hadi Kidato cha Nne hapa Kenya, kuna sentensi moja ambayo nadhani unaijua. Mwalimu anafika kwenye sura ya mageuko ya viumbe, ile wengi wetu tunaiita evolusheni. Anatabasamu kidogo, halafu anasema: "Sasa hii, andikeni tu kwa mtihani. Ukweli mnaujua." Darasa linacheka. Pointi zinaandikwa ubaoni, mnanakili, kengele inalia, sura imeisha.

Hiyo sentensi ndiyo ninagombana nayo leo. Sigombani na Mungu. Sigombani na kanisa wala msikiti. Nagombana na hiyo sentensi.

Na kabla hujaandika "huyu aliacha kampasi, atatufunza nini," wacha nikuokolee bando. Ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa, na sasa natengeneza vidio na kuandika hapa. Mathee wangu ni mtu wa kanisa Jumapili, Jumatano na kesha ya Ijumaa. Mimi mwenyewe huomba. Sijakuja kumpokonya mtu Mungu wake. Ninachosema ni hiki: mwalimu akikuambia uandike kitu kwa mtihani huku anakukonyeza kwamba ni uongo, hajalinda imani yako. Amekufunza kudanganya kwa mwandiko mzuri, na amekunyima maarifa ambayo utayahitaji ili uelewe mwili wako mwenyewe.

Tuanze na kilicho vitabuni, kwa sababu watu wengi wanabishana na silabasi ambayo hawajaifungua.

Sisi wa 8-4-4 tulikutana na hii mada mara mbili. Mara ya kwanza ni historia ya Kidato cha Kwanza, sura ya binadamu wa kale. Hapo unapewa maelezo matatu kuhusu asili ya binadamu: masimulizi ya jadi, kama yale ya Gikuyu na Mumbi, halafu uumbaji kama unavyosimuliwa kwenye vitabu vya dini, halafu mageuko ya Charles Darwin. Yamepangwa kama sufuria tatu kwa kibanda cha chakula. Chagua unayotaka, zote bei moja. Mara ya pili ni Kidato cha Nne, kwenye bayolojia, karibu na mwisho wa kila kitu, wakati akili zote ziko kwa KCSE na mwalimu anakimbizana na silabasi.

Katikati ya hizo mara mbili, hakuna mtu anakaa chini kukuambia kwamba yale maelezo matatu hayafanyi kazi moja. Hadithi ya Gikuyu na Mumbi inakuambia wewe ni wa nani, ukoo wako unaanzia wapi, ardhi yenu ni ipi. Kitabu cha Mwanzo kinamwambia muumini nani alimuumba na kwa nini ana thamani. Mageuko yanajibu swali tofauti kabisa: viumbe vilibadilika vipi, kwa njia gani, na ushahidi uko wapi. Hayo maelezo ya tatu unaweza kuyachimbua ardhini, unaweza kuyapima kwenye maabara, na ukipata kitu kinachoyapinga unaruhusiwa kuyapinga mbele ya kila mtu. Ukiyapanga yote kwenye foleni moja kama wagombea wa kiti kimoja, umedharau yote matatu.

Halafu kuna neno "nadharia." Hili neno limeteseka sana. Kwa baze, mtu akisema ana nadharia kuhusu kwa nini Gor Mahia ilifungwa wikendi, anamaanisha ana wazo lake tu, amelitoa kwa hewa. Kwenye sayansi, nadharia ni maelezo ambayo yamepimwa mara nyingi, na watu wengi wamejaribu kuyaangusha yakakataa kuanguka. Kwamba magonjwa huletwa na vijidudu, hiyo pia ni nadharia. Sijawahi kusikia mhubiri akiwaambia watu wasinawe mikono wakitoka chooni kwa sababu vijidudu ni "nadharia tu."

Na lile swali. Najua unalo, kwa sababu huja kila mara: "Kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani bado wako?"

Kwanza, tuheshimu Kiswahili chetu. Nyani ni yule wa kuiba mahindi shambani na kukaa kando ya barabara akingoja umtupie ganda la ndizi. Kiumbe ambaye wanasayansi wanasema ni jamaa yetu wa karibu zaidi ni sokwe. Kama hujawahi kumwona, kuna hifadhi yao pale Ol Pejeta, Laikipia. Pili, hakuna anayesema ulizaliwa na sokwe. Wewe na binamu yako mna nyanya mmoja. Mtu akikuuliza, "Kama kweli ulitoka kwa nyanya yako, mbona binamu yako bado yuko hai?" utamwangalia mara mbili uone kama yuko sawa. Binamu yako si babu yako. Yeye ni tawi lake, wewe ni tawi lako, shina ni moja. Shina letu na sokwe ni la mamilioni ya miaka iliyopita. Hilo jibu linachukua dakika moja. Nimekaa shuleni miaka kumi na miwili na hakuna mwalimu aliyenipa hiyo dakika.

Sasa wacha nikuambie kwa nini hii kitu inaniuma, kwa sababu si mambo ya mifupa peke yake.

Bwenini nilikuwa na rafiki mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu ambapo chembe nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Kwao ni karibu na ziwa. Usiku mwingine maumivu yakimshika miguu na mgongo, alikuwa anauma blanketi ili asiamshe wengine. Nyumbani, upande mmoja wa familia ulikuwa unasema ni laana ya ukoo. Alikuwa amepelekwa maombi ya kufunguliwa mara sijui ngapi, na kila aliporudi akiwa bado mgonjwa, alikuwa anarudi na mzigo wa pili: kwamba imani yake haitoshi.

Kwenye sura ya jenetiki, tulichora ile miraba. AA, AS, SS. Tulijua kwamba wazazi wawili wenye AS, kila mtoto wanayempata ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Sawa. Lakini yule rafiki yangu aliuliza swali ambalo sitalisahau: "Mwalimu, kama hii jeni inaua watoto, mbona haijaisha?" Hilo ni swali la mtu anayeuliza kwa nini yeye. Jibu lake lilikuwa kwenye sura inayofuata. Sura ya mageuko. Ile ya "andikeni tu kwa mtihani."

Jibu lenyewe ni hili, na limetoka hapa hapa kwetu. Mwaka wa 1949, mtafiti kijana anayeitwa Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu sehemu tofauti za nchi. Akaona jeni ya selimundu ni ya kawaida sana Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu haipatikani sana. Akajiuliza, Pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Mbu. Malaria. Mwaka wa 1954 akachapisha matokeo yake: mtu mwenye jeni moja tu, yaani AS, ana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hivyo mahali penye malaria nyingi, watoto wa AS walikuwa wanapona zaidi, wanakua, wanazaa, wanapitisha hiyo jeni. Bei ya hiyo kinga ndiyo watoto wachache wanaopata jeni mbili. Huo ndio uteuzi asilia, ile njia ambayo Darwin aliieleza. Katika damu ya Wakenya.

Fikiria mvulana wa miaka kumi na saba akiambiwa hivyo mbele ya darasa. Hujalaaniwa. Hukukosa imani. Babu zako waliishi nchi ya mbu, na jeni uliyobeba ni sehemu ya sababu ukoo wako haukufutika. Hiyo ni habari njema kwa lugha yoyote, hata ya kanisani. Yeye aliisikia miaka baadaye, kutoka kwa muuguzi wa kliniki, baada ya shule kuisha. Darasani alipewa kicheko na pointi za kunakili.

Ukisema hiyo ni stori ya mtu mmoja, sawa, tuende kwa kitu kinachohusu kila mtu. Waulize wazazi wako kuhusu klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani iliyokuwa inafanya watu wajikune usiku kucha. Ilienda wapi? Haikupotea kwa sababu ilikuwa ghali. Vimelea vya malaria viliizoea. Kati ya mamilioni ya vimelea, vichache vilikuwa na mabadiliko kidogo kwenye jeni zao yaliyowafanya wasiuliwe na dawa. Wenzao wakafa, wao wakabaki, wakazaana, na baada ya miaka dawa ikawa kama maji. Mwaka wa 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaingia Fansidar na jamaa zake. Hata hiyo haikudumu. Mwaka wa 2004 sera ikabadilishwa tena, zikaja dawa za mseto za artemisinini, ndiyo unaona Coartem kila mahali.

Mara mbili, ndani ya miaka michache, nchi nzima ikabadilisha dawa kwa sababu kiumbe kidogo kiligeuka. Hiyo ni evolusheni, na haikungoja mtu aiamini. Ukienda kwa kemisti ukanunua antibayotiki za mia moja, ukameza siku mbili, ukajisikia fiti ukaacha, huenda umewaua bakteria dhaifu ukawaachia sugu uwanja wote. Kila mtu anatuambia "maliza dozi." Wachache sana wanatuambia kwa nini. Na sababu ya msingi iko kwenye ile sura tuliyocheka.

Sasa tuje kwa Turkana, kwa sababu hapa Mkenya hana kisingizio.

Mwaka wa 1984, pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto. Kidogo kiasi kwamba mimi na wewe tungekikanyaga na kuendelea na safari. Kikosi kikachimba, na wakapata karibu mifupa yote ya mtoto mmoja aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Dunia inamwita Turkana Boy. Hakuna mifupa mingi ya zamani hivyo iliyokamilika kama yake popote duniani. Kamoya alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Ukambani, na ujuzi wake hakuupata kwenye mihadhara ya chuo. Aliupata kwa macho yake na miaka mingi juani. Mwaka wa 1985 alipokea medali kutoka kwa Rais wa Marekani, Ronald Reagan. Alifariki mwaka wa 2022. Uliza vijana kumi wa mtaani kwako yeye ni nani, halafu uliza hao hao majina ya wachezaji wa Arsenal.

Na mwaka wa 2006, makumbusho ya Nairobi yakiwa kwenye ukarabati, viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walitaka visukuku hivyo visipewe nafasi ya mbele. Waliona vinaumiza imani ya waumini. Nawaheshimu wachungaji, lakini hapo nakataa. Kama imani yako inahitaji mifupa ya mtoto ifichwe chumba cha nyuma ndiyo isimame, tatizo si mifupa. Bahati nzuri makumbusho hayakuficha. Yule mtoto yuko pale hadi leo. Nenda umwangalie.

Wengine hawaji na Biblia wala Kurani. Wanakuja na Uafrika. "Hiyo evolusheni ni sayansi ya mzungu, walikuwa wanatuita nyani." Hii hoja siichekelei, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kuna wazungu waliochukua mawazo ya mageuko wakayatumia kupanga watu kwa ngazi, wao juu, sisi chini. Ilikuwa uovu. Lakini kuna waliochukua Biblia pia, wakatoa ile stori ya laana ya Hamu, wakaitumia kuhalalisha utumwa. Hujaacha Biblia kwa sababu hiyo. Ulisema waliitumia vibaya. Basi pima kwa mizani hiyo hiyo.

Na angalia ushahidi wenyewe ulienda wapi. Mwaka wa 1912, Uingereza walitangaza fuvu la Piltdown, wakasema binadamu wa kale kabisa ni wa kwao. Lilikuwa feki: fuvu la mtu limeunganishwa na taya la orangutani. Waliolifichua, mwaka wa 1953, walikuwa wanasayansi wenyewe. Darwin alikuwa ameshaandika mwaka wa 1871 kwamba huenda asili ya binadamu ni Afrika, na karibu kila kitu kilichochimbwa baadaye kikaelekea huko: Turkana, Olduvai, Ethiopia, Afrika Kusini. Visukuku vya zamani zaidi vinavyohusishwa na watu wa aina yetu, vya karibu miaka 300,000, vilipatikana Moroko. Yaani yule mbaguzi aliyetuita nyani naye ni mjukuu wa Mwafrika, na ushahidi wa kumwonyesha hivyo uko Nairobi. Halafu sisi ndio tunataka ushahidi huo ufichwe? Kwa faida ya nani?

Twende kwa hoja nzito zaidi: kwamba ni lazima uchague. Ama Mungu ama Darwin.

Nani alisema? Ile miraba ya AS na SS uliyochora, msingi wake uliwekwa na Gregor Mendel. Mendel alikuwa mtawa. Alipanda njegere kwenye bustani ya nyumba ya watawa, akazihesabu, akagundua sheria za urithi ambazo baadaye zikawa nguzo ya mageuko. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliounganisha jenetiki na mawazo ya Darwin, alikuwa Mkristo wa Orthodoksi. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jeni zote za binadamu, ni Mkristo wa kiinjili na hajifichi. Papa Pius XII alisema mwaka wa 1950 kwamba Wakatoliki wanaweza kuichunguza nadharia hii, na Papa Yohane Paulo II mwaka wa 1996 akasema imepita kiwango cha dhana tu. Kwa upande wa Uislamu, wanazuoni wanatofautiana. Wengine wanakataa kabisa, wengine wanakubali mageuko ya mimea na wanyama lakini wanamweka Adamu kando. Nimesema tu kwamba mjadala upo, na waumini wa kweli wako pande zote. Mwalimu anayekuambia "ukweli mnaujua" anakuficha huo mjadala wote.

Na wale wasee wa upande wa pili, wale kila siku wanapost "sayansi imemuua Mungu," na nyinyi mtulie. Mageuko yanaeleza viumbe vilibadilika vipi. Hakuna mfupa Turkana wenye maandishi kwamba Mungu hayuko. Mkitumia Darwin kama rungu la kumpiga mathee anayeomba, mnawapa wahubiri wenye hasira kitu walichokuwa wanatafuta, na mtoto aliye katikati ndiye anaumia. Huyo mtoto akiambiwa na pande zote mbili kwamba lazima achague, atachagua nyumbani kwao, na sayansi itakuwa imepoteza daktari.

"Lakini ukiwaambia watoto ni wanyama, wataishi kama wanyama." Hii nimeisikia mara nyingi. Angalia Kenya kwanza. Viongozi wetu wanaapishwa wakishika Biblia ama Kurani. Mikutano mingi inaanza na maombi. Pesa za umma zinaibwa hivyo hivyo. Sijasikia mtu amekamatwa na mali ya wizi akajitetea kwamba aliharibiwa na sura ya mageuko. Maadili hufunzwa na mifano, na mfano mbaya zaidi darasani ni mtu mzima anayekuambia uandike usichokiamini ili upate alama. Huo ndio mwanzo wa ile tabia ya kusaini ripoti unayojua ni ya uongo. Tunaianza tukiwa na yunifomu.

Kuna wanaosema tufunze vyote viwili kwenye bayolojia, uumbaji na mageuko, watoto waamue. Inasikika kama haki. Lakini tayari tuna somo la dini, CRE, IRE ama HRE kulingana na imani yako, lenye kitabu chake, mwalimu wake na mtihani wake. Hakuna anayedai mwalimu wa CRE afunze uteuzi asilia kabla ya Zaburi. Kila somo lina kazi yake. Marekani wameshapitia haya. Mwaka wa 1925, jimbo la Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufunza mageuko, mahakama ikamtoza faini ya dola 100. Miaka 80 baadaye, mwaka wa 2005, kesi ya Dover kule Pennsylvania ikaamua kwamba kuingiza mafundisho ya dini kwenye somo la sayansi kwa jina jipya hakuyafanyi kuwa sayansi. Wametumia karibu karne nzima na mawakili wengi sana kufika hapo. Hatuhitaji kurudia hiyo hasara.

Kwa hivyo nataka nini? Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji bajeti.

Mwalimu, si lazima uamini. Wewe ni mtu huru. Lakini funza hiyo sura kama unavyofunza usanisinuru, kwa uso ule ule. Na mtoto akikuuliza kuhusu Mungu, mwambie ukweli: hilo ni swali kubwa, mpeleke kwa mwalimu wa dini, kwa mchungaji, kwa ustadhi, kwa wazazi. Usilijibu kwa kumkonyeza.

Mchungaji na ustadhi, kabla hujapinga hii kitu kwenye maikrofoni, ijue. Ile ya nyani na binamu umeshapewa hapa bure. Ukiipinga ukiwa umeielewa, vijana watakusikiliza. Ukiipinga kwa kichekesho, wale wachache wanaosoma watakuacha, na utalia kwamba vijana wamepotea.

Wanaopanga mtaala mpya, mnajua mwanafunzi wa shule ya upili sasa anachagua mkondo, na aliyeenda sanaa ama sayansi za jamii anaweza kumaliza bila bayolojia. Basi hakikisheni kwamba kabla ya kuchagua, kila mtoto ameshajua kwa nini dawa hukataa kufanya kazi, selimundu ilitoka wapi, na Kamoya Kimeu alikuwa nani. Msiache hiyo mada ingoje dakika za mwisho tena.

Na wewe unayesoma hii ukiwa bado shuleni. Siku hiyo sura ikifika, mwalimu akitabasamu, wenzako wakaanza kucheka, inua mkono. Kwa heshima, si kwa ubishi. Uliza lile swali la rafiki yangu: "Mwalimu, kama jeni ya selimundu inaua, mbona haijaisha?" Halafu ngoja jibu. Usikubali kuambiwa ni ya mtihani tu, kwa sababu kwenye deski fulani hapo nyuma kunaweza kuwa na mtu ambaye usiku wa jana alikuwa anauma blanketi.